Mwaka Waliosema Koku Ana Mimba

Mjukuu wangu Jovitha alipowekewa uloto wa mifupa ya kaka yake ili damu yake ipone selimundu, nilikaa naye hospitali muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote bila kushika jembe wala cherehani. Chumba chake kilikuwa na mlango wa kioo, na sisi tuliomuuguza tulivaa barakoa na kunawa mikono mpaka ngozi ikapauka. Kila asubuhi kabla ya uji, muuguzi alimpima uzito, akamtoa damu kidogo, kisha akachukua chombo chenye mkojo wake, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kusoma umefika mstari gani. Hakukunja pua. Alikishika kama mtu anayeshika maziwa ya mtoto. Nilikuwa nikimtazama na kuona ajabu, maana mimi nimekulia mahali ambapo mkojo wa mtu haukutazamwa, ulimwagwa huku mtu amegeuza uso.

Asubuhi moja daktari wake, binti mdogo wa kutosha kuwa mjukuu wangu mwingine, aliniita pembeni. "Shikamoo bibi. Usishtuke. Figo za Jovitha zimeanza kulemewa kidogo. Ni ile dawa ya kuuzuia mwili wake usigombane na chembe za kaka yake. Tumeipunguza tangu leo, na tutaendelea kupima." Nikamwambia mbona mtoto hajavimba, mbona anakula, mbona hata choo kidogo anakwenda kama kawaida. "Ndiyo bibi," akasema, "ndiyo maana tunapima. Tunataka tuzione kabla hajavimba. Akishavimba tumechelewa." Nilimshukuru, nikatoka nje taratibu, nikafika kwenye bustani ya hospitali nikatema mate chini kama mtu aliyemeza nzi. Mama aliyekuwa akifagia akanitazama vibaya, na alikuwa na haki. Hakujua kwamba sikumtemea daktari wala mjukuu wangu. Nilimtemea mtu mmoja wa Omurushaka, ambaye miaka yote hii sijaweza kulitaja jina lake bila mate kunijaa mdomoni.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vya Amini vimekwisha na maduka yako wazi bila kitu ndani. Sabuni ilikuwa adimu kuliko nyama. Mimi na rafiki yangu Kokugonza, binti wa Bweranyange ambaye wote tulimwita Koku, tulikuwa wasichana wakubwa tuliomaliza shule ya msingi na kukosa pa kwenda, tukapata kazi kwenye mgahawa wa mama mmoja aliyeitwa Ma Vero, pale pale barabarani ambapo magari ya Bukoba na ya kuelekea Kyerwa yalisimama. Alitupa na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko, ukuta wa udongo uliobandikwa magazeti ya zamani, kitanda kimoja chenye godoro la nyasi, na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia. Harufu ya chumba kile ninayo bado. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyoungua, panya, na nguo zilizofuliwa kwa maji ya majivu. Vyombo navyo tuliviosha kwa majivu. Sahani ya mteja aliyetangulia ilipitishiwa kitambaa kile kile kilichofuta meza, kisha ikapakuliwa katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, akapewa mteja wa pili. Nilikuwa nikiona, nikinyamaza, na mimi mwenyewe nilikula sehemu ya juu ya chungu tu, kabla hakijaguswa na mtu mwingine. Koku alinicheka. Alikuwa msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti nene iliyomfanya akiitikia wimbo kanisani watu wageuke. Yeye alikula chochote. "Advera," alikuwa akiniambia, "wewe utakufa na njaa kwa ajili ya kinyaa."

Ukuta wa upande wa pili wa kitanda chetu ulikuwa ndio ukuta wa chumba cha Fabiani. Watu walimwita Dokta Fabi. Alitokea baada ya vita na sanduku la chuma lenye dawa, akisema alikuwa akitibu majeruhi mstari wa mbele. Wengine walisema hakuwahi kufika huko. Hakuna aliyetaka kujua zaidi, kwa sababu alikuwa na dawa wakati zahanati ilikuwa na maji ya moto tu, na dawa zake zilivushwa mto na wafanyamagendo kutoka ng'ambo. Alikuwa mnene wakati watu wamekonda. Alijipaka mafuta yenye manukato, na chini ya manukato yale ulisikia jasho na lubisi, pombe ya ndizi, aliyokunywa tangu asubuhi. Ukucha wa kidole chake kidogo aliufuga mrefu, akiutumia kuvunjia shingo za chupa za dawa na kuchokolea meno, kwa zamu. Sindano alikuwa na chache. Alizichemsha kwenye kopo la maziwa juu ya jiko letu, pembeni ya sufuria ya maharage, pale alipokumbuka, na asipokumbuka alizifuta kwa dole gumba. Leo nikifikiria sindano zile zilizopita kwenye nyama za watu wote wa Omurushaka, katika mkoa ambao ugonjwa mwingine ulikuwa tayari unabisha hodi, natamani kuoga.

Kupitia ukuta ule tulisikia kila kitu. Tulisikia mama akieleza uchafu unaomtoka, mzee akieleza kisonono chake kwa mafumbo, watoto wakilia. Na kwa kila mmoja jibu la Fabi lilikuwa karibu moja: "Hii ni ya jenta." Jenta lilikuwa jina la dawa yake ya fahari, vichupa vidogo vyenye maji yasiyo na rangi. Alilitamka polepole kama padri anavyotaja jina la mtakatifu. Mwenye jipu, jenta. Mwenye kikohozi, jenta. Mwenye mgongo, jenta na vidonge vya maumivu juu yake. Koku alijua kumwigiza, akijibinua tumbo na kukunja kidole kidogo, nami nikicheka nikiwa nimejiziba mdomo kwa khanga asije akasikia.

Kisha siku moja ya gulio, mgahawa umejaa wanunuzi wa kahawa, sufuria ya ndizi iliponyoka mikononi mwa Koku na maji ya moto yakammwagikia mguu. Ngozi ya mguu ilitoka kama soksi. Nilimwambia Ma Vero tumpeleke hospitali ya misheni. Akanitazama kama niliyetukana. "Nani atahudumia wateja? Daktari yuko hapo ukutani." Fabi akaja, akaufunga mguu kwa kitambaa, na baada ya siku chache mguu ukatunga usaha, ukanuka chumba kizima. Ndipo akaanza jenta, asubuhi moja na jioni moja. Kwa sababu Koku alikuwa akilia kwa maumivu, akampa na vidonge vyake, akamwambia ameze kila anapoumwa. Aliumwa wakati wote, akameza wakati wote. Na kwa kuwa alikuwa na homa hakula, na kwa kuwa kwenda chooni kwa mguu ule kulikuwa mateso, maji nayo akayaogopa.

Lazima niseme ukweli wote, hata unaomfaa mtu yule: mguu ulipona. Usaha ulikauka, nyama nyekundu ikaota, ngozi mpya ikafunika. Ma Vero aliwaonyesha wateja. Alimwita Koku kutoka jikoni, akamwambia anyanyue sketi, watu wauone mguu, na Fabi akisimama mlangoni na kijiti mdomoni akipokea sifa. "Hospitali wangeukata," akasema. Wanaume waliokuwa wakila wakainama kuutazama mguu wa rafiki yangu kwa namna ambayo haikuhusu kidonda. Nilichukia siku ile kabla sijajua kuna kikubwa zaidi cha kuchukia.

Maana kwa kuwa mguu ulipona, hakuna aliyeuliza kwa nini Koku mwenyewe haponi. Alikuwa mchovu. Akikaa juu ya gunia la mkaa kumenya ndizi, kisu kilimponyoka. Fabi alisema amepungukiwa nguvu, akaendelea kumchoma, ile ile jenta, sasa akiiita dawa ya kumalizia. Katika chumba chetu kulikuwa na ndoo ya plastiki tuliyojisaidia usiku kwa kuogopa fisi, na kila kulipokucha mmoja wetu aliimwaga. Ndoo ile ikawa nyepesi. Nilimwuliza Koku kama anatoka nje bila mimi kusikia. "Hapana," akasema, "sina kitu cha kukojoa tu." Kilichotoka kilikuwa kidogo, cheusi kama chai iliyokaa. Tulidhani ni mwili kukauka kwa sababu ya homa. Nani angetuambia vingine? Yule mtu upande wa pili wa ukuta alikuwa akimtia mwilini kitu cha kumuua, na katika muda wote ule hakuwahi kumwuliza hata mara moja kuhusu mkojo wake.

Baadaye uso ukaanza kuvimba. Asubuhi aliamka macho yamefumba kama ya mtoto mchanga, ikifika mchana yanafunguka. Miguu ikajaa. Akawa anatapika, na chakula chote kikawa kibaya kwake, akisema mdomoni ana ladha ya shilingi. Ilikuwa msimu wa senene, Ma Vero amekaanga sufuria nzima, na Koku ambaye angeweza kuuza nguo zake kwa ajili ya senene alisikia harufu yake tu, akakimbilia nyuma ya jiko. Ma Vero akasimama na mwiko mkononi, akamsikiliza anavyotapika, akageuka kwa wateja, akatabasamu. Tabasamu lile nalikumbuka kuliko uso wake wote. "Haya," akasema, "sasa tumejua kinachomnenepesha."

Nilikuwa chumbani nikitandika aliposhauriana na Fabi upande wa pili.

"Fabi, yule msichana ni mimba?"

"Mama, mimi nimeona wengi. Uso umejaa, anatapika asubuhi, anachagua chakula. Unataka nikuonyeshe cheti?"

"Aibu hiyo, kwenye nyumba yangu."

"Kama anataka, mimi namsafisha. Sindano mbili, imetoka. Aje mwenyewe aniombe vizuri." Kisha akacheka, na Ma Vero naye akacheka, na mimi nikasimama na shuka mkononi.

Koku aliposikia alilia kwa sauti yake nene mpaka ikakwaruza. Alinishika mikono yote miwili. "Advera, naapa kwa Mungu. Sijawahi kulala na mwanamume. Wewe tunalala kitanda kimoja, wewe unajua." Nilijua. Nilikwenda kumwambia Ma Vero, akaniambia labda na mimi ninayo yangu ninaificha. Kuanzia hapo Koku hakuruhusiwa tena kubeba sahani mbele za watu. Wateja walimwuliza kwa kelele, yeye akiwa jikoni, baba ni nani, wakitajana majina na kupigana mabega. Mzee mmoja ambaye kila Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani alisema kwamba sauti kama ile lazima ilimwita mtu tu. Walikuwa wakisema hayo huku mafuta ya nyama yakiwachuruzika kwenye videvu, na mimi ndiye niliyewapelekea maji ya kunawa.

Fabi hakuacha kumchoma. Alisema anautibu mguu, kidonda kisirudi. Siku moja alimlaza kwenye benchi lake mlango ukiwa wazi, akamminya tumbo mbele ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri, akawaambia, "Mnaona? Gumu." Koku alikuwa amegeuzia uso ukutani. Alikuwa hana hata nguvu ya kujifunika.

Habari zilifika Bweranyange kabla ya gulio lililofuata, na mama yake Koku, Ma Generoza, akaja kwa miguu. Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, asiyezungumza sana. Niliogopa atampiga. Ma Vero alimpokea mbele ya wateja wote, hata kiti hakumpa, akamwambia, "Mchukue binti yako, mimi sifugi mimba za watu." Ma Generoza alipita jikoni, akaingia chumbani kwetu, akakaa kitandani, akambeba Koku mapajani kama mtoto ingawa Koku alikuwa mrefu kumshinda. Akaweka uso wake karibu na mdomo wa binti yake kumsikiliza, kwa sababu sauti ilikuwa imeisha. Nikamwona amekunja uso.

"Mawe, mama yangu!" akasema. "Mbona mtoto ananuka mkojo mdomoni?"

Nikamwambia ndivyo alivyo, na kwamba mkojo wenyewe hautoki.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, mama. Tangu wakati wa kidonda."

"Na huyu mganga wao amesema nini?"

"Amesema ni mimba."

Ma Generoza alivua khanga yake ya begani, akamfunga Koku mgongoni pangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na nguvu, tukatoka kwa mlango wa mbele katikati ya meza. Mtu mmoja alipiga mluzi. Lori la kahawa lilitupakia juu ya magunia mpaka hospitali ya misheni, na njia nzima Koku alikuwa na kwikwi isiyokoma, mwili wake wote ukiruka kwa kila moja, huku akiomba maji.

Daktari wa hospitali ile alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kabla hajagusa tumbo wala mguu, aliinama akauliza, "Umekojoa leo? Jana je? Kiasi gani, kikombe, kijiko?" Nilitaka kulia kwa swali lile, kwa jinsi lilivyokuwa dogo. Alimbonyeza mguu, shimo la kidole likabaki. Akapima alichoweza kupima. Kisha akatuita nje, Ma Generoza na mimi, tukasimama kwenye baraza karibu na jiko la wauguzaji ambapo watu walikuwa wakipika ndizi.

"Mama, binti yako hana mimba. Hajawahi kuwa nayo. Figo zake zimezimika."

Akauliza alikuwa anachomwa nini. Nikasema jenta, maana jina lile lilikuwa limepenya ukuta mara nyingi. Akauliza kwa muda gani, nikamweleza. Na vidonge? Nikamweleza na vidonge. Alivua miwani akaifuta kwa koti.

"Dawa yenyewe si sumu," akasema. "Hata mimi ninaitumia. Lakini ukimpa mtu siku nyingi, hajala, hanywi maji, na vidonge vile juu yake, inazila figo polepole. Na figo haziumi. Mtu hawezi kusema naumwa hapa. Unatakiwa wewe unayemchoma ndiye uzitafute: upime damu, uangalie mkojo, ukiona unapungua unasimama hapo hapo. Angesimama mapema, zingeamka zenyewe."

"Sasa hivi je?" Ma Generoza akauliza.

"Sasa hivi tunasubiri. Mashine ya kuzisaidia hatuna, na sijui kama angefika salama iliko. Mara nyingine zinaamka."

Hazikuamka. Tulikaa kwenye wodi ile tukisubiri, na kazi yangu ilikuwa kumnyima maji. Daktari alisema kila kinachoingia kitabaki ndani na kumfurika mapafuni, kwa hiyo apewe kidogo sana, kwa kipimo. Koku, ambaye hakuwahi kuninyima kitu, aliniomba maji kwa macho, kwa mikono, mwishoni kwa kulamba midomo tu. Ngozi yake ilimwasha akajikuna mpaka damu. Alipumua kwa nguvu kama mtu anayepanda mlima, na pumzi ile ilinuka, nami niliyekuwa nikikataa chungu kilichoguswa na mtu mwingine nililala nimeweka uso wangu karibu na wake. Kinyaa changu chote kilikuwa kimehamia kwingine. Alasiri moja mvua ikinyesha alianza kutetemeka mwili mzima, wakaja mbio, wakamchoma kitu, akatulia, na hakufungua macho tena. Ma Generoza alimfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwani.

Jovitha wangu, niseme sasa ili nisimwache msomaji na wasiwasi, figo zake zilirudi. Dawa ilipunguzwa, akaongezewa maji kwa mrija, na kila asubuhi yule daktari binti aliniletea habari: bado, bado, namba za damu zimeanza kushuka, sasa ni nzuri. Hakuvimba hata kope. Yeye mwenyewe hakujua kwamba kuna kitu kilitaka kumpata, alikuwa akilalamika kuhusu uji. Nilifurahi, ndiyo. Lakini furaha yangu ilikuwa na uchungu ndani, kwa sababu niliona jinsi jambo lenyewe lilivyo: mtu kukubali kutazama kikombe cha mkojo, kila siku, na kujali kilichomo.

Tulimzika Koku nyuma ya migomba ya mama yake, mahali panapotazama bonde. Uvumi ulikuwa umetutangulia. Wanawake waliokuja kulia walilia kwa jicho moja, la pili likitazama tumbo la maiti. Walikuwa wamekwisha kuongeza: si mimba tu, ni mimba iliyotolewa vibaya. Na katikati ya mchana gari dogo la mizigo likasimama njiani, akashuka Ma Vero katika nguo nyeusi, na nyuma yake Dokta Fabi, amejipaka mafuta, amebeba mkungu wa ndizi wa rambirambi. Wazee walimpisha benchi la mbele. Baba mkubwa wa Koku alimpa hata nafasi ya kusema maneno machache, kwa kuwa ndiye aliyemtibu marehemu. Akasimama, akakunja mikono juu ya tumbo lake.

"Tulifanya tulichoweza," akasema. "Mguu niliuponya, wote mnajua. Haya mengine, nawaomba vijana wetu wa kike wajihadhari na njia za mkato."

Watu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nilikuwa nimebeba birika la kuwanawisha wageni. Nililiweka chini, nikasema kwa sauti niliyoisikia kama ya mtu mwingine, "Hakuwa na mimba. Daktari wa hospitali amesema hakuwahi kuwa na mimba. Figo zake zimekufa kwa sindano zako, Fabi, na vidonge vyako, na ulikuwa humwulizi hata kama anakojoa."

Neno la mkojo kwenye msiba! Palitokea mguno wa watu kuchukizwa, na waliyechukizwa naye ni mimi. Baba mkubwa alinyoosha fimbo. "Binti, una uchungu, lakini una adabu? Nyamaza, mgeni ale." Na mgeni akala. Walimletea sahani ya ndizi na nyama, kipande kikubwa chenye mafuta. Akatafuna akinitazama, si kwa hasira, kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwendawazimu. Sijawahi kuona kitu kichafu kama kidevu kile kikienda juu na chini mita chache tu kutoka kwenye udongo mbichi.

Ndipo Ma Generoza alipoinuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, mahali ambapo mama wa marehemu hatakiwi kuinuka. Alikwenda moja kwa moja mbele ya Fabi, akaichukua sahani mikononi mwake kama mtu anayeondoa vyombo. Akatembea hadi pembeni ya migomba, akawamwagia kuku. Akarudi kukaa. Hakuna aliyemkemea, lakini hakuna aliyemfuata pia. Wageni waliendelea kula. Fabi alifuta mdomo, akaaga kwa heshima, akapanda gari lake.

Baada ya matanga nilishuka na Ma Generoza Omurushaka kuchukua nguo za Koku. Nilidhani, kwa ujinga wa ujana, kwamba nitakuta mlango wa Fabi umefungwa. Benchi lake lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na kopo lilikuwa linachemka jikoni kwetu pembeni ya maharage. Nilitaka kupita haraka. Ma Generoza akasimama. Akawaambia waliokaa, kwa Kinyambo na bila kupaza sauti, kwamba binti yake alikaa hapo, mguu ukapona, naye sasa yuko kaburini. Kwamba hapo ndani hakuna mtu anayepima kitu. Kwamba yeye anakwenda hospitali ya misheni kwa miguu sasa hivi kumshukuru yule daktari, na anayetaka amfuate. Wengine walitazama chini. Kijana mmoja alicheka. Fabi alichungulia mlangoni, akamwona, akarudi ndani na kusema, "Anayefuata."

Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye jipu shingoni aliinuka. Alimfunga mtoto mgongoni, akauliza ni mbali kiasi gani. "Tutafika," Ma Generoza akamwambia, wakaanza kutembea, nami nikafuata na mzigo wa nguo kichwani. Nilipogeuka kutazama nyuma, waliobaki kwenye benchi walikuwa wamekwisha kusogea, wameijaza nafasi yake.